Likizo ya Familia: Kila Mtu na Siku Yake

Akina mama wenzetu, mara ya mwisho mlitoka nyumbani pamoja na waume zenu na watoto wenu ilikuwa lini? Hatusemi kwenda msibani, wala harusini, wala kumsindikiza mgonjwa wa rufaa. Tunasema kutoka kwa ajili ya kupumzika na kuitazama nchi.

Swali hilo liliulizwa jioni moja katika kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, hapa Ushetu. Tulikuwa kumi na wanne, na hakuna aliyejibu. Mwishowe mmoja akacheka akasema, "Likizo ni ya watoto wa shule na watumishi wa serikali. Mama hupumzika akiumwa." Tulicheka sote. Lakini sisi tunaofanya kazi zahanati hatukucheka sana, maana wenye maneno hayo tunawapokea kila wiki. Huja wakilalamika kichwa, mgongo na kukosa usingizi. Ukimpima humkuti na malaria. Unachokuta ni presha iliyopanda na mwili uliochoka.

Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kila mwaka. Muuguzi naye anazo. Hata hivyo, kwa miaka mingi siku zetu tulizimalizia kwenye shamba la tumbaku, tukirudi kazini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Tulipoamua kwamba Juni ya mwaka 2025 familia nzima itasafiri, ilitubidi kujifunza kupanga jambo ambalo wazazi wetu hawakutufundisha, kwa kuwa wao wenyewe hawakupata nafasi hiyo. Tunayaandika haya kwa ajili ya mama mwenzetu anayedhani likizo ni mambo ya Wazungu na matajiri.

KIKAO KWANZA, FEDHA BAADAYE

Tulikutana baada ya chakula cha jioni, mwezi Septemba, miezi tisa kabla ya safari. Tulikuwa sita: sisi wazazi wawili, kijana wetu mkubwa wa miaka kumi na tisa, binti wa miaka kumi na mitatu, kitinda mimba wa miaka minane, na Bibi, yaani mama mkwe wetu, tunayekaa naye.

Baba watoto aliuliza mara moja, "Itagharimu kiasi gani?" Tukamwomba fedha zingoje. Tulipendekeza kwamba kila mtu apewe siku moja iwe yake, achague anachotaka kuona, na wengine wote wamfuate bila kunung'unika.

Baba watoto alisema anataka kuona ngitili za Shinyanga. Binti alitaka kufika Mwadui, kwenye almasi alizosomeshwa darasani. Kitinda mimba alitaka simba. Bibi alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nifikisheni Igoma." Hatukumwuliza sababu, maana tunaijua. Mtoto wa dada yake alikuwemo ndani ya meli ya MV Bukoba.

Ikabaki zamu ya kijana wetu. Akasema, "Mimi nataka kuona machimbo ya Geita."

Baba watoto akasimama akatoka nje.

Tueleze kidogo. Kijana huyu alimaliza kidato cha nne, na matokeo hayakuwa mazuri. Rafiki zake wawili wakaenda machimbo, na mmoja akarudi na pikipiki. Mara mbili alizungumzia kuwafuata, na mara zote mbili baba yake alimkataza kwa ukali. Tangu hapo neno machimbo halikutajwa tena nyumbani mwetu, karibu mwaka mzima. Nyumba yenye neno lisilotajwa mnaijua ilivyo: watu hula chakula pamoja huku kila mmoja akiwa peke yake.

Ilichukua wiki tatu. Hoja yetu ilikuwa hii: akienda kwa kutoroka, hatakuwa na mtu wa kumwuliza, akienda nasi, tutaona pamoja. Baba watoto alijibu kwamba huko ni kumwonyesha mtoto njia. Aliyemaliza mashauri ni Bibi. Alisema, "Mmesema kila mtu na siku yake. Basi siku yake ni yake. Na msiigeuze mahubiri."

NJIA YA KUZUNGUKA

Ushetu ni halmashauri iliyomegwa kutoka Kahama, mkoani Shinyanga, na makao yake yako Nyamilangano. Safari yoyote ya kwetu huanza kwa gari dogo hadi mjini Kahama. Kutoka Kahama kuna njia mbili za kufika Ziwa Victoria. Ya kwanza ni ya lami. Inakwenda mashariki kupitia Isaka hadi Tinde, kisha inapanda kaskazini kupitia Shinyanga, Maganzo na Misungwi hadi Mwanza. Shinyanga hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 160. Njia ya pili inatoka Kahama moja kwa moja kuelekea kaskazini, inapita Kakola penye mgodi wa Bulyanhulu, inafika Geita, halafu inageuka mashariki kupitia Sengerema hadi Mwanza.

Tuliamua kwenda kwa njia ya kwanza na kurudi kwa ya pili. Kwa njia hiyo mnapita mikoa mitatu, Shinyanga, Mwanza na Geita, bila kurudia barabara. Watoto hawachoki kwa kuona yale yale, na nauli haizidi sana. Hesabuni pia saa za njiani. Sisi tulijiwekea kanuni kwamba hakuna siku tutakayokaa ndani ya gari zaidi ya saa tano, kwa sababu ya magoti ya Bibi.

FEDHA ZILIPATIKANAJE

Hatukukopa. Tangu Septemba tulitenga shilingi 10,000 kila wiki katika kibubu, kwa wiki 40, tukapata shilingi 400,000. Mbuzi wawili waliuzwa kwa shilingi 140,000. Baada ya tumbaku kulipwa, Baba watoto akaongeza shilingi 300,000. Jumla ikawa shilingi 840,000, tukazigawa hivi: nauli 250,000, malazi 230,000, chakula 200,000, viingilio na boti 80,000, na 80,000 za dharura, ambazo zilikaa katika bahasha yake na Bibi ndiye aliyeishika. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo msizifuate tarakimu zetu. Fuateni mgawanyo. Ulizeni nauli stendi na bei za vyumba kwa simu kabla ya kuondoka.

Kuhusu malazi, tuna neno moja kwa akina mama. Wengi wetu likizo yetu ni kwenda kwa ndugu. Ndugu ni baraka, lakini mama akifika kwa wifi yake hukaribishwa kwa furaha na jioni hiyo hiyo yuko jikoni anapikia watu kumi na wanne. Hapo amebadilisha jiko tu. Sisi tulilala katika nyumba za wageni za bei nafuu na hosteli za kanisa, vyumba viwili: wanaume kimoja, Bibi na binti na mama chumba kingine. Ndugu tuliwatembelea mchana na kuwaaga kabla ya giza.

WAKATI, NYUMBA NA MKOBA

Juni ilitufaa kwa sababu shule zimefungwa, mahindi yako ghalani, na vitalu vya tumbaku havijaanza. Mvua imekwisha, kwa hiyo barabara hazina matope. Kuku na mbuzi walibaki na jirani, ambaye nasi tutamwangalizia mifugo yake atakapokwenda kwao.

Mkoba wetu ulikuwa na mambo machache: dawa za presha za Bibi za siku kumi, ingawa safari ni ya siku saba, dawa ya maumivu, pakiti za ORS kwa mtoto atakayeharisha, bandeji na dawa ya kidonda, na vyandarua viwili, maana Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi na si kila chumba kina chandarua kizima. Akipata mtu homa njiani, msimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Mpelekeni zahanati yoyote akapimwe kwanza.

Chakula cha njiani kilikuwa matobolwa, karanga na maji ya kuchemsha. Matobolwa hayaharibiki kwa joto, yanashibisha, na hayamwagiki kwenye nguo.

SIKU YA BABA: NGITILI

Tulifika Shinyanga mchana. Wazee wanakumbuka jinsi mkoa huu ulivyokuwa mtupu, miti imefyekwa, ardhi imechoka. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofanya kazi hadi mwaka 2004. Mradi haukuja na ujuzi mgeni tu. Ulifufua desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili. Mnafunga eneo la malisho wakati wa mvua, nyasi na miti inakua bila kuguswa, halafu kiangazi kikikaza mnalifungua kwa ajili ya mifugo.

Baba watoto alisimama kwenye ukingo wa ngitili moja akazungumza na mwenyewe kwa muda wa saa nzima. Watoto walichoka, lakini siku ilikuwa yake. Sisi tulielewa. Bani la tumbaku linakula kuni nyingi, na miti ya kwetu inakwisha tukiiona. Jioni alisema tu kwamba kipande cha shamba chenye mwinuko hatakilima tena.

SIKU YA BINTI: MWADUI

Kutoka Shinyanga mnafika Maganzo, na Mwadui iko jirani. Ndani ya mgodi hamwingii bila kibali, kwa hiyo binti aliona uzio na vilima vya kifusi kwa mbali. Tuliogopa atavunjika moyo. Kumbe alikuwa ameandika hadithi yote katika daftari lake, naye akatusomea chini ya mti.

Mgodi huu uligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada. Mwaka 1947 palipatikana hapo jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Williamson alilitoa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa malkia hadi alipofariki mwaka 2022. Lilipochongwa lilibaki karati 23.6, likawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Binti akauliza, "Aliyeliokota alipewa nini?" Hatukuwa na jibu, na hatukujifanya tunalo. Kijana wetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, alimtazama dada yake kwa makini.

SIKU YA KITINDA MIMBA: SAANANE

Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba zimekaa juu ya miamba kama kuku juu ya vichanja. Tuliwaonyesha watoto jiwe la Bismarck lililosimama ziwani, kisha tukapanda boti kwenda kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ndogo sana, kilomita za mraba 2.18 tu, na safari ya boti ni ya dakika chache. Kwa familia yenye fedha kidogo hakuna hifadhi iliyo rahisi kuliko hii, kwa kuwa hamhitaji gari. Mnatembea kwa miguu na kuona swala, tumbili na ndege. Mtoto wetu alikutana na pimbi wakiota jua juu ya jawe, akasahau habari za simba.

Hapa muuguzi anawaomba jambo moja. Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu, hata akiingiza miguu tu. Watoto wataomba kuogelea, nanyi mtaona wengine wakiogelea. Kataeni kwa upole. Kama mtoto ameshaingia, mpelekeni akapimwe baada ya wiki kadhaa. Dawa yake ipo na inaponya.

SIKU YA BIBI: IGOMA NA BUJORA

Asubuhi ya siku ya nne Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani. Igoma iko kwenye barabara ya Musoma, na hapo wamezikwa wengi waliokufa katika ajali ya MV Bukoba. Meli hiyo ilitoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapinduka asubuhi iliyofuata, tarehe 21 Mei, ikikaribia kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Wengi hawakutambuliwa, na wengine hawakuopolewa kamwe. Mtoto wa dada yake Bibi ni mmoja wa wale ambao familia haikupata mwili wa kuzika.

Kwa miaka 29 Bibi alikuwa hajapata mahali pa kwenda kulia. Alisimama mbele ya mnara, akaweka maua, akasali kwa Kisumbwa, kisha akamwita kijana wetu mkubwa amshike mkono, kwa kuwa marehemu alikuwa na umri kama wake. Hatukuongeza neno. Tulikaa hapo mpaka yeye mwenyewe aliposema, "Twendeni sasa. Nina njaa."

Kutoka Igoma mkiendelea mbele na barabara hiyo hiyo mnafika Kisesa, na hapo jirani ndipo Bujora, yenye Makumbusho ya Wasukuma. Yalianzishwa miaka ya 1950 na padri kutoka Kanada, David Clement. Kuna banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, kuna ngoma za kale, na kuna kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Mwezi Juni, kwenye sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, ambapo vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana. Sisi hatukuwahi ngoma hizo, na tunawashauri mpange tarehe vizuri kuliko sisi. Lakini Bibi aliyejitambulisha kwa mwongozaji kuwa hajui chochote alianza kumsahihisha majina ya vyungu, na watoto walimwona bibi yao kwa macho mapya.

SIKU YA MAMA: KUTOFANYA LOLOTE

Siku ya tano ilikuwa yetu sisi tunaoandika. Tulichagua kutofanya lolote. Baba watoto angewachukua watoto, angewalisha, angefua nguo za kitinda mimba.

Tunaungama kwamba ilikuwa siku ngumu kuliko zote. Saa kumi na moja alfajiri macho yalikuwa wazi, na mkono ulitafuta ufagio. Saa mbili tulitaka kwenda kuona kama watoto wamekunywa chai. Bibi alitukalisha chini. Mchana tulikaa naye kando ya ziwa tukila sato wa kukaanga ambaye hatukumpara magamba sisi, tukazungumza habari za ujana wake ambazo katika miaka ishirini ya kuishi nyumba moja hatukuwahi kuziuliza. Alasiri tulilala usingizi mzito kama wa mtoto. Tulipoamka kichwa kilikuwa chepesi, na tukagundua kwamba kwa muda mrefu tulikuwa tukiumwa kichwa bila kujua.

Kitinda mimba jioni alikuwa amevaa fulana kinyume na nywele zina vumbi. Hakufa.

SIKU YA KIJANA: GEITA

Kwenda Geita zamani kulimaanisha foleni ya kivuko pale Kigongo. Wenye wagonjwa wa rufaa waliokuwa wakipelekwa Bugando kutoka ng'ambo ya pili wanakumbuka walivyosubiri. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa daraja la J. P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Sisi tulilipita siku chache tu baadaye. Abiria wote wa basi walisimama kutazama maji, na kabla watoto hawajamaliza kuhesabu nguzo tulikuwa ng'ambo.

Geita kuna mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na kuna machimbo mengi ya wachimbaji wadogo. Mdogo wetu wa kiume anachimba huko kwa miaka tisa sasa. Yeye ndiye aliyetupokea na kutuombea ruhusa kwa mwenye eneo.

Alituonyesha duara, shimo lisilozidi upana wa mlango, lililoshikiliwa na magogo, watu wakishuka kwa kamba. Alituonyesha karasha zinazosaga mawe hadi yawe unga, vumbi limetanda kama ukungu. Alituonyesha mialo ya kuoshea, na akina mama waliokaa juani wakiponda mawe kwa nyundo, wengine na watoto mgongoni. Tukaona pia namna wanavyochanganya mchanga na zebaki ili ishike dhahabu, kisha wanaichoma moto. Moshi ule hauna harufu ya kutisha, lakini zebaki inaharibu ubongo na figo, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Tulitaka kusema. Bibi akatutazama, tukanyamaza.

Kijana ndiye aliyeuliza maswali. Mjomba wake alimjibu kwa ukweli. Alisema dhahabu ipo, wala si hadithi; nyumba yake ya bati aliijenga kwa duara moja tu. Tena akasema yapo maduara aliyochimba miezi minane bila kupata hata nauli. Kila sentensi aliikatiza kwa kikohozi.

Kikohozi kile sisi wauguzi tunakifahamu. Vumbi la mawe huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Jioni, tukiwa tumeketi na mkewe, tulimwuliza kina muda gani. Akasema ni cha vumbi tu, toka mwaka juzi. Tukamsihi akapime makohozi na kupigwa picha ya kifua. Aliahidi kwa namna ambayo watu huahidi wakitaka mazungumzo yaishe.

SIKU YA KURUDI

Siku ya saba tulipita njia ya Kakola kurudi Kahama. Tulikuwa tumebanana, Baba watoto na kijana wake kiti kimoja. Mahali fulani njiani kijana akaanza kusimulia, bila kuulizwa, habari za Nyangalata. Ni machimbo ya upande huu wa Kahama ambako Oktoba 2015 ardhi iliwaporomokea wachimbaji, na wanaume watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikuwa wakila mizizi, vyura na mende. Mwenzao wa sita hakutoka hai. Alijua kila kitu. Alijua hata habari za zebaki.

Baba watoto akamwuliza, "Kama unajua yote haya, kwa nini bado unataka kwenda?"

Akajibu, "Baba, nyumbani nikiamka sina pa kwenda. Shamba ni lako. Fedha za tumbaku ni zako. Kule mtu akichimba, chake ni chake."

Hatujui kama maneno hayo yangesemwa nyumbani. Huenda yalihitaji siku saba za kusikilizana kwanza. Kwa mwaka mzima tulidhani kwamba mtoto wetu hajui hatari, kwa hiyo tulimwandalia maonyo. Alikuwa akiyajua maonyo yote kuliko sisi. Baba watoto hakujibu. Aliangalia dirishani mpaka tukaona taa za Kahama.

Wiki mbili baadaye alimpa ekari moja ya bonde la mpunga, mbele ya Bibi, akasema atalima mwenyewe na mavuno yatakuwa yake. Mwezi Agosti kijana alikwenda tena Geita, safari hii kumchukua mjomba wake kwa nguvu kumpeleka hospitali. Alikutwa na kifua kikuu akaanza dawa za miezi sita. Tusiwadanganye: kijana bado anazungumzia dhahabu. Lakini sasa anazungumza mezani, na baba yake hatoki nje.

KWA MAMA ANAYETAKA KUANZA

Msingoje kuwa na fedha za safari kubwa. Chukueni daftari wiki hii, kaeni kikao, mpe kila mtu siku yake, hata kama ni siku mbili tu na mwisho wa safari ni Shinyanga mjini. Mzee wa nyumba asisahauliwe. Mtoto anayechagua mahali msipopapenda, mwende naye. Na mama naye awe na siku yake, iandikwe katika daftari pamoja na zingine, isije ikaliwa na kazi.

Kibubu chetu cha mwaka huu kimeshaanza kulia. Kitinda mimba anasema bado anataka simba.